ZEGE NA CHUMVI: KWA NINI MAJENGO YA PWANI HUUGUA KUTOKA NDANI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii tumezoea kuitumia katika insha za rafiki mbaya au ndugu msaliti. Leo ningependa kuitumia kwa kitu kingine kabisa, nacho ni nguzo ya zege. Nguzo iliyojengwa karibu na bahari haianzi kuharibika kwa nje. Kinachoila kimo ndani yake, na mara nyingi kiliingizwa humo na fundi mwenyewe siku ya kwanza ya kazi.

Huenda msomaji akajiuliza, mwanafunzi wa Embu ana haja gani na mambo ya bahari? Swali hilo ni zuri. Huku kwetu maji ya chumvi tunayajua kwa kusimuliwa tu. Lakini kumbuka kwamba muguka wa Mbeere na miraa ya Meru husafirishwa kila siku hadi Mombasa, safari ya kama kilomita 600, na vijana wetu wengi wameifuata barabara hiyo hiyo kwenda kutafuta kazi ya mjengo. Fundi aliyezoea kujenga Manyatta, Runyenjes, Chuka au Nkubu akifika Likoni huendelea kujenga vile vile alivyofunzwa nyumbani. Hapo ndipo matata huanzia. Nyumba ambayo huku ingesimama miaka mingi bila shida, kule inaweza kuanza kupasuka kabla mwenye nyumba hajamaliza kulipa mkopo.

Zaidi ya hayo, Kenya imejenga bandari mpya Lamu. Gati lake la kwanza lilizinduliwa tarehe 20 Mei 2021, na magati matatu ya kwanza yana urefu wa mita 400 kila moja. Barabara ya mradi huo imepangwa kupitia Garissa hadi Isiolo, mlangoni mwa Meru. Kwa hivyo zege la pwani ni mali yetu sote, na likioza, gharama ni yetu sote.

ZEGE NI NINI?

Zege ni mchanganyiko wa simiti (au saruji), mchanga, kokoto na maji. Simiti ya kisasa ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824 na Joseph Aspdin, naye akaiita simiti ya Portland. Hapa Kenya kiwanda cha Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, kilianza kuitengeneza mwaka 1954 kwa kutumia mawe ya matumbawe.

Watu wengi hudhani kuwa zege hukauka kama matope. La, sivyo. Zege halikauki, linaganda. Simiti hukutana na maji na kuwa kitu kipya kigumu ambacho hushikanisha mchanga na kokoto. Kazi hiyo huendelea kwa siku nyingi, na ndiyo sababu nguvu ya zege hupimwa baada ya siku 28. Ukilinyima maji katika siku za mwanzo unalikatiza njiani, na haliwezi kufika pale lilipokuwa likienda.

Zege lina nguvu sana likigandamizwa lakini ni dhaifu likivutwa. Ndiyo maana tunaweka ndani yake vyuma, ambavyo ndugu zetu wa Tanzania huviita nondo. Zege hubeba uzito, nacho chuma huzuia mvuto. Ni ndoa nzuri. Lakini kama ndoa nyingine zote, mmoja akiugua mwenzake hapati raha.

CHUMA HULINDWA NA NINI?

Katika kemia tulijifunza kuwa chuma hushika kutu kikipata hewa na maji. Zege lina vitundu vidogo sana vinavyopitisha hewa na maji. Mbona basi chuma kilichomo ndani hakishiki kutu mara moja?

Jibu ni kuwa simiti inapoganda hutoa chokaa nyingi. Chokaa hiyo hulifanya zege kuwa alkali kali, yenye kipimo cha pH cha kati ya 12 na 13. Ndani ya alkali kama hiyo, chuma hujifunika utando mwembamba sana ambao hauonekani kwa macho, nao huzuia kutu. Wacha tuseme ni blanketi. Maadamu blanketi hilo lipo, chuma kinalala salama hata miaka 100.

Kuna wezi wawili wa blanketi hilo. Mwizi wa kwanza ni gesi ya kaboni dayoksaidi iliyo hewani. Hii huingia polepole ndani ya zege, ikaila chokaa na kushusha pH hadi chini ya 9. Mwizi huyu yuko kila mahali, hata hapa Embu, lakini ana mwendo wa kobe. Mwizi wa pili ni chumvi, na huyu ndiye mbaya zaidi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni kloridi. Kloridi ikifika kwenye chuma kwa wingi wa kutosha hutoboa blanketi hata kama chokaa bado ipo. Haihitaji kulimaliza lote. Inatoboa mahali padogo, na pale pale chuma huanza kuliwa kwa kina.

Basi kutu ikianza, taabu inakuja. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara 2 hadi mara 6. Fikiria umeweka mbegu ya maharagwe ndani ya chupa iliyojaa na kufungwa, halafu ikafura. Chupa itapasuka. Vivyo hivyo zege husukumwa kutoka ndani, likapata ufa, kisha vipande vikaanza kubanduka na kuanguka. Ufa ukishapatikana, chumvi na maji havibishi hodi tena. Vinaingia kama vimo nyumbani mwao.

Nilimwuliza mjomba wangu, ambaye ni fundi na aliwahi kufanya kazi Mombasa kwa miaka kadhaa.

"Mjomba, mtu atajuaje kuwa chuma kimeanza kuliwa na hakionekani?"

"Sikiza nikwambie," akasema. "Ukiona ufa umenyooka kama rula, ukifuata njia ya chuma, jua mambo yameanza. Halafu tafuta doa la rangi ya chai. Gonga hapo na nyundo. Zege zima lina mlio mkali. Lililoachana na chuma hulia kama chungu kitupu."

"Na mkifika hapo mnafanya nini?"

"Inategemea mwenye nyumba. Akitaka rahisi, tunapiga plasta na rangi. Misimu miwili ya mvua ikipita, ufa umerudi, na mkubwa kuliko wa kwanza."

NI SEHEMU GANI HUUMIA ZAIDI?

Hapa kuna jambo lililonishangaza, na nadhani litakushangaza wewe pia. Mtu angedhani kuwa nguzo iliyozama baharini usiku na mchana ndiyo huoza upesi. Kumbe sivyo! Chini ya maji kuna chumvi tele lakini hewa ya oksijeni ni kidogo, nayo kutu haiwezi kuendelea haraka bila oksijeni.

Mahali pabaya kuliko pote ni pale ambapo maji hujaa na kupwa, na juu yake kidogo ambapo mawimbi hurusha maji. Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa huko Mombasa hufika kiasi cha mita 3 na zaidi. Nguzo ya gati hulowa, kisha hukauka kwa jua, kisha hulowa tena. Kila inapokauka maji huondoka na chumvi hubaki. Kesho chumvi nyingine huongezwa juu ya ile ya jana. Baada ya muda zege hilo linaweza kuwa na chumvi kali kuliko bahari yenyewe. Na hewa ipo ya kutosha. Basi mahitaji yote matatu yamekutana: chumvi, maji na oksijeni. Joto la Mombasa nalo huharakisha kazi yote, kama vile sukari inavyoyeyuka upesi katika chai ya moto.

Wala usidhani kwamba nyumba isiyogusana na maji iko salama. Upepo wa kusi na wa kaskazi hubeba vitone vidogo vya maji ya chumvi na kuvitua kwenye kuta na roshani zilizo mbali na ufuo. Wakazi wa pwani wanaijua hali hiyo kwa mabati na grili za madirisha yao.

VIWANDA HUONGEZA MATATA

Bandari haikai peke yake. Kando ya Kilindini kuna Shimanzi na Changamwe, penye matangi ya mafuta, maghala na viwanda. Kaskazini, huko Gongoni na Marereni katika Kaunti ya Kilifi, kuna viwanda vinavyotengeneza chumvi kwa kukausha maji ya bahari. Hebu fikiria sakafu ya zege katika kiwanda ambacho chumvi ndiyo bidhaa!

Viwanda huleta maadui wengine pia. Moshi wenye gesi ya salfa ukikutana na unyevu huwa asidi, na asidi huila chokaa ya simiti. Salfeti zilizo ndani ya maji ya bahari na maji taka hutengeneza fuwele ndani ya zege ambazo hufura na kulipasua, hata pasipokuwa na chuma. Mbolea zenye chumvi za amonia hulidhoofisha zege, hivyo ghala la mbolea linahitaji sakafu iliyolindwa. Mbolea tunayoweka kwenye majani chai na kahawa yetu huku nyingi yake hushushwa Mombasa kabla ya kutufikia. Yaani gunia unalobeba shambani limekwisha kulala juu ya zege la pwani.

WAZEE WALIJENGAJE?

Wengine husema, "Kama bahari ni mbaya hivyo, mbona Fort Jesus bado imesimama?" Ngome hiyo ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, na mwaka 2011 UNESCO iliitia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Magofu ya Gedi, karibu na Malindi, nayo yana kuta zilizosimama kwa karne nyingi. Majengo hayo yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo.

Tazama kwa makini utaona siri yake. Ndani ya kuta hizo hakuna chuma. Ni nene sana, na uzito wake wote unagandamiza kuelekea chini. Chumvi inaingia, ndiyo, lakini haina cha kutafuna kikafura. Mawimbi yanaweza kuuchimba msingi kwa nje, lakini ukuta hauugui kutoka ndani.

Warumi wa kale nao walijua jambo. Walichanganya chokaa na majivu ya volkano kutoka eneo la Pozzuoli, karibu na Naples huko Italia, wakajenga bandari ndani ya bahari yenyewe. Bandari ya Kaisaria, ile tunayoisoma katika Biblia, ilijengwa na Mfalme Herode kwa njia hiyo zaidi ya miaka 2000 iliyopita, na mabaki yake yangali chini ya maji. Majivu hayo hushikana na chokaa na kuziba vitundu. Mpaka leo majivu ya aina hiyo huitwa pozolana, kutokana na jina la mji huo.

Basi tusiseme eti wazee walikuwa na simiti ya ajabu ambayo sisi tumeipoteza. Sisi tunataka kujenga ghorofa 10 na madaraja marefu, na hayo hayawezekani bila chuma. Tukishakubali chuma, ni lazima tukubali pia kazi ya kukilinda.

DAWA YAKE NI NINI?

Dawa zipo, na nyingi si ghali. Nitazitaja moja baada ya nyingine.

1. Maji yapimwe. Hili ndilo kubwa. Simiti huhitaji maji ya takriban robo ya uzito wake ili kuganda. Mfuko wa kilo 50, basi, unahitaji kama lita 12 au 13 tu. Tunaongeza kidogo ili zege liweze kuchanganywa na kumwagwa. Kwa ujenzi wa baharini, kanuni nyingi za uhandisi hutaka maji yasizidi uzito wa simiti mara 0.40 hadi 0.45. Hiyo ni lita 20 hadi 22 na nusu kwa mfuko. Sasa nenda kwenye mjengo wowote uone. Mtu wa mkono akichoka kukoroga, humwaga ndoo nyingine ya maji ili zege liwe laini. Hakuna anayepima. Maji hayo ya ziada hukaa ndani ya zege, kisha huondoka na kuacha vijitundu, na vijitundu hivyo ndivyo barabara ya chumvi. Kumbuka pia kuwa mchanga ulionyeshewa usiku tayari una maji yake, nayo yahesabiwe. Zege likiwa gumu mno kufanya kazi, kuna dawa maalumu za kulilainisha bila kuongeza maji.

2. Chuma kifunikwe vizuri. Kati ya chuma na uso wa zege kuna zege la kufunika. Ndani ya nyumba huku kwetu milimita 25 zinaweza kutosha. Baharini hutakiwa milimita 50 hadi 75. Mtu anaweza kusema ni tofauti ya vidole viwili tu. Lakini sikiza hesabu hii. Chumvi haitembei kwa mwendo mmoja. Kadiri inavyokwenda ndani ndivyo inavyopunguza mwendo, hivi kwamba ukiongeza unene mara 2, muda wa kufika huongezeka karibu mara 4. Tuseme katika zege fulani chumvi inachukua miaka 8 kupita milimita 25. Katika zege hilo hilo itachukua kama miaka 32 kupita milimita 50. Vidole viwili vimenunua miaka 24! Ili chuma kisilale kwenye mbao, mafundi huweka chini yake vijipande vidogo vya zege, ambavyo baadhi yao huviita biskuti. Wengine huokota jiwe lolote au kipande cha mbao wakaweka. Hao wanaidanganya nafsi yao.

3. Simiti yenye pozolana. Siku hizi simiti nyingi zinazouzwa Kenya zimechanganywa na pozolana, yaani ule ujuzi wa Warumi umerudi dukani. Huganda polepole zaidi, lakini zege lake likilindwa vizuri huwa na vitundu vidogo zaidi na huzuia chumvi vyema. Namba 32.5 na 42.5 zilizoandikwa kwenye mfuko ni kipimo cha nguvu baada ya siku 28, kwa hivyo tusichague kwa kutazama bei tu. Jirani zetu wa Mwea wana utajiri ambao wengi wetu huuona takataka. Mpunga wa kilo 1000 hutoa maganda ya kilo 200 hivi, nayo yakichomwa hutoa majivu ya kilo 40 hivi. Majivu hayo mengi yake ni silika, na yakichomwa kwa moto uliodhibitiwa usiozidi nyuzi 700 hivi, kisha yakasagwa laini, huwa pozolana nzuri sana. Lakini moto wa uani hauna kipimo, na majivu yake yasitiwe kwenye nguzo bila kupimwa maabarani.

4. Mchanga na maji viwe safi. Mchanga wa ufuoni una chumvi. Ukiutumia bila kuuosha kwa maji matamu umemwingiza mwizi chumbani kabla hujafunga mlango. Maji ya bahari nayo yasichanganywe kamwe na zege lenye chuma. Huku kwetu tuna bahati, maana mchanga wetu ni wa mito, hasa ile ya Tharaka, na maji yetu hutoka Mlima Kenya. Fundi wetu akifika pwani asidhani kila mchanga ni kama wa nyumbani.

5. Lishindiliwe na kuloweshwa. Zege likimwagwa lina mapovu ya hewa, na lisiposhindiliwa huacha mashimo kama ya sega la nyuki. Baada ya hapo ni lazima lifunikwe kwa magunia maji au karatasi ya nailoni na kuloweshwa angalau siku 7, na siku 10 au zaidi kama simiti ina pozolana. Jua la Mombasa hunyonya maji ya zege haraka sana. Haraka haraka haina baraka.

6. Ulinzi wa ziada. Kwenye kazi kubwa, wahandisi hutumia mbinu za bei zaidi. Wanaweza kufunga vipande vya zinki kwenye chuma ili zinki iliwe badala ya chuma, kama vile mabati yetu yanavyolindwa. Wanaweza pia kutumia chuma kisichoshika kutu. Mfano maarufu ni gati la Progreso huko Mexico, lililojengwa kati ya mwaka 1937 na 1941 kwa chuma cha aina hiyo. Hadi leo lasimama, hali gati jingine lililojengwa karibu nalo baadaye kwa chuma cha kawaida limebaki magofu.

UFA UKISHATOKEA JE?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kuziba kwenyewe kuna namna yake. Kupiga plasta juu ya ufa wa kutu ni kama kumpaka poda mgonjwa wa malaria. Chumvi iko ndani bado. Marekebisho ya kweli ni kuvunja zege lililooza hadi nyuma ya chuma, kusugua kutu yote, kubadilisha chuma kilicholiwa sana, kisha kumwaga zege jipya. Na hata hapo kuna mtego. Zege la zamani lililo kando ya kiraka likiwa bado na chumvi, chuma kilicho ndani yake huanza kuliwa haraka kuliko mwanzo. Kwa hiyo mhandisi hupima chumvi kwanza ajue ugonjwa umefika wapi.

Mwaka 1984 mhandisi mmoja Mholanzi, de Sitter, alilieleza jambo hili kwa hesabu rahisi: shilingi 1 isiyotumika wakati wa kujenga vizuri hugeuka shilingi 5 za matunzo, kisha 25 za marekebisho, na mwishowe 125 za kujenga upya. Hesabu hii si ya senti kwa senti, lakini funzo lake ni la kweli.

Na si pesa tu. Tarehe 24 Juni 2021, jengo la ghorofa liitwalo Champlain Towers South lililokuwa kando ya bahari huko Surfside, Florida, Marekani, liliporomoka usiku watu wakiwa wamelala. Watu 98 walifariki. Ripoti ya mhandisi ya mwaka 2018 ilikuwa imetaja nyufa, zege lililochakaa na maji yaliyokuwa yakituama. Wachunguzi walikuta pia udhaifu katika ramani yenyewe, hivyo hatuwezi kuilaumu chumvi peke yake. Lakini onyo lilikuwepo, na matengenezo makubwa yalikuwa hayajafanywa.

NA SISI HUKU EMBU NA MERU?

Ukienda kwenye mabwawa ya Mto Tana, kama Kindaruma lililoanza kutoa umeme mwaka 1968, utaona zege ambalo limekaa na maji zaidi ya nusu karne. Maji hayo ni matamu. Zege letu limebahatika, na bahati hiyo ndiyo imetufanya tuwe wazembe. Tunamwaga maji bila kupima, tunaweka chuma karibu na uso, na slabu tunaiacha juani siku ya pili. Hata hivyo yule mwizi wa mwendo wa kobe hajalala. Tazama matangi ya zamani na roshani za zamani mjini, uone pale chuma kinapochungulia nje kama mbavu za ng'ombe wakati wa kiangazi. Hiyo ni kazi ya makosa yale yale, ila imechukua muda mrefu zaidi.

Jambo ninaloomba msomaji aondoke nalo ni hili: uimara wa zege haununuliwi baadaye. Huamuliwa na mtu anayeshika ndoo ya maji, anayeweka biskuti chini ya chuma na anayemwagilia slabu kwa siku 7. Mara nyingi mtu huyo ni kijana aliyemaliza shule juzi tu, kama tutakavyokuwa sisi. Bahari itamkagua yeye kabla ya mhandisi yeyote, na matokeo yake yatasomwa ukutani.

MSAMIATI

Bamvua: wakati ambapo bahari hujaa na kupwa sana.
Gati: mahali meli hutia nanga ili kupakia na kupakua.
Kusi na kaskazi: pepo za misimu za pwani, ya kwanza hutoka kusini, ya pili kaskazini.
Matumbawe: mawe yaliyotokana na viumbe vya baharini.
Mtu wa mkono: msaidizi wa fundi.
Pozolana: majivu ya volkano au mengine yenye silika yanayoshikana na chokaa.

JARIBIO LA CHAMA

Chukua misumari minne mipya isiyo na zinki. Tia wa kwanza katika maji ya kawaida, wa pili katika maji ya chumvi, wa tatu katika maji ya chokaa yaliyochujwa, na wa nne katika maji ya chokaa yaliyotiwa chumvi kwa wingi. Funika vyombo vyote, uvitazame kila siku kwa majuma mawili. Andika unachotarajia kabla ya kuanza. Fanyeni mbele ya mwalimu wa kemia, maana maji ya chokaa huumiza macho.

MASWALI

1. Kwa nini nguzo huoza zaidi pale maji yanapojaa na kupwa kuliko chini kabisa ya bahari?
2. Fundi ametumia lita 30 za maji kwa mfuko wa simiti wa kilo 50. Tafuta uwiano wa maji na simiti, kisha ueleze kama unafaa Lamu.
3. Fort Jesus haina chuma ndani ya kuta zake. Hilo linatufunza nini?
4. Tunga sentensi mbili ukitumia methali "Usipoziba ufa utajenga ukuta" kwa maana ya wazi na kwa maana iliyofichika.